Uamuzi wa Kurudi Hufanywa Kabla ya Kupaa

Huenda baadhi yenu mnajiuliza mhadhara kuhusu ndege ndogo na ukungu una haja gani kwa watu ambao wengi wao husafiri kwa basi. Haja ipo, tena kubwa. Katika eneo hili letu la Garissa ndege ya kukodi si pambo la tajiri. Ndiyo inayomkimbiza mama aliyekwama katika uchungu wa kuzaa, ndiyo inayofikisha miraa Mandera kabla haijanyauka, ndiyo inayomleta mbunge mkutanoni na jamaa mazikoni. Mto Tana ukifurika na barabara ya Nairobi ikikatika, kama ilivyokuwa Novemba 2023, ndege hugeuka kuwa daraja letu. Kwa hiyo swali la lini ndege hiyo iache safari na kurudi ilikotoka ni letu sote: la rubani, la anayelipa, na la anayengoja chini akitazama mbingu.

Jibu langu ni moja, na nitalitetea hadi mwisho. Uamuzi wa kukatiza safari kwa sababu ya mwonekano hafifu hauwezi kuachiwa dakika ile macho yanaposhindwa. Dakika hiyo ikifika, akili ya binadamu imekwisha kuegemea upande wa kuendelea, na mwili wake umeanza kumdanganya. Uamuzi ni lazima ufanywe chini, kabla injini haijawashwa, uwekwe kwa tarakimu, na ukubaliwe na kila anayepanda. Angani ibaki kazi moja tu: kutazama kama mpaka uliowekwa umefikiwa, na ukifikiwa, kugeuza.

Tuanze na siku ambayo kaskazini ya Kenya haijaisahau. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa aina ya Harbin Y-12 ilikuwa ikielekea Marsabit ikiwa na watu 17. Safari yenyewe ilikuwa ya kheri: viongozi walikuwa wakienda kutafuta suluhu baina ya jamii zilizokuwa zimetiana majeraha, hasa baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Ndege iligonga kilima karibu na Marsabit, katika hali mbaya ya hewa, ilipokuwa ikitaka kutua. Watu 14 walikufa. Miongoni mwao walikuwa Dkt. Bonaya Godana wa North Horr, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Abdi Sasura wa Saku. Guracha Galgallo wa Moyale. Titus Ngoyoni wa Laisamis. Mirugi Kariuki wa Nakuru Mjini, aliyekuwa Waziri Msaidizi. Na Askofu William Waqo wa Kanisa la Kianglikana. Majimbo manne ya Marsabit yalipoteza wabunge wote wanne asubuhi moja. Anayeujua Mlima Marsabit anajua ulivyo: umesimama peke yake katikati ya nyika kavu, kilele chake kikifika takriban mita 1,700. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi ukiufikia hulazimika kupanda, hupoa, na hugeuka ukungu. Ukungu huo ndio unaoulisha msitu wa Marsabit, na ndio huo huo unaoficha vilima vyake kwa rubani.

Miaka sita baadaye tulipata somo jingine, na hili lilitugusa hapa hapa mjini. Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta nne za jeshi la Uganda zilikuwa njiani kwenda Somalia, na Garissa ilikuwa kituo chao cha safari. Moja tu, Mi-17 ya uchukuzi, ilitua Garissa. Tatu za kivita aina ya Mi-24 zilianguka Mlima Kenya, na taarifa za siku zile zilitaja hali mbaya ya hewa mlimani. Mbili zilipatikana zimeteketea bila manusura. Kwenye ya tatu, askari waliokolewa kutoka mlimani. Sitaji mikasa hii ili kumlaumu mtu aliyekwisha kufa. Naitaja kwa sababu moja. Hawa walikuwa watu wa jeshi, waliofunzwa kwa gharama ya serikali, wenye amri na mpango nyuma yao. Kama mlima na wingu viliwashinda wao, basi rubani mmoja katika ndege ya kukodi, aliye na abiria wanne wenye haraka na hana msaidizi kando yake, anahitaji kinga zaidi kuliko ujasiri wake. Kinga hiyo ni uamuzi uliofanywa mapema.

Kwa nini mapema? Sababu ya kwanza ni hesabu tupu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Kenya ni mwanachama wake, humtaka rubani anayeruka kwa kutegemea macho awe na mwonekano wa kilomita 5 anapokuwa chini ya futi 10,000, na kwa kawaida ajitenge na mawingu mita 1,500 kwa upande na futi 1,000 kwa juu na chini. Mtu aliyesimama ardhini huona kilomita 5 ni nyingi. Lakini ndege kama Cessna Caravan ikienda kilomita 300 kwa saa hukata mita 83 kila sekunde, na kilomita 5 kwake ni dakika moja. Mwonekano ukishuka hadi kilomita moja na nusu, rubani ana sekunde 18 mbele yake. Sasa tazameni kugeuza. Mgeuko wa kawaida ni nyuzi 3 kwa sekunde, kwa hiyo kuelekeza pua ilikotoka huchukua dakika nzima. Katika mwendo ule, duara hilo lina nusu kipenyo cha karibu kilomita 1.6, maana yake ndege itaendelea kusonga mbele kilomita 1.6 kabla ya kuanza kurudi. Aliyekiona kilima kikiwa kilomita moja na nusu, akageuza kwa utaratibu wa kawaida, amekwisha kuchelewa kabla hajagusa usukani. Anaweza kuilaza ndege zaidi ili igeuke haraka, lakini kuilaza ndege kwa nguvu bila kuona upeo wa macho ndiko kunakozaa maangamizi ya aina ya pili.

Hayo ndiyo sababu ya pili, nayo yanatoka ndani ya mwili. Katika sikio la ndani mna mirija yenye majimaji, na hiyo ndiyo inayotuambia tunainama au tumesimama wima. Mtu akiwa ardhini, macho huisahihisha mirija hiyo kila sekunde. Ndege ikianza kuinama polepole sana ndani ya wingu, majimaji hayo hayashtuki. Ikiendelea kugeuka kwa sekunde 15 au 20, majimaji huzoea mwendo wa ndege, na mwili huapa kwamba unakwenda moja kwa moja. Rubani akijaribu kuinyoosha, mwili hupiga kelele kwamba anapinduka upande mwingine, naye huirudisha kwenye mgeuko ule ule, chini zaidi, kasi zaidi. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwapima marubani 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa kutegemea vipima peke yake. Waliwanyima kuona nje, kisha wakapima muda. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Aliyewahi alidumu sekunde 20. Aliyechelewa, sekunde 480. Wastani wao ukawa sekunde 178, hazitimii hata dakika tatu. Hakuna aliyeokolewa na nia njema wala na akili nyingi. Anayesema ataingia kidogo kwenye wingu, aone kama linapitika, kisha aamue, anasema ataamua akiwa tayari ndani ya zile sekunde 178.

Sababu ya tatu imo akilini, nayo ndiyo ngumu kuikubali kwa sababu inamgusa mwenye busara na mpumbavu sawasawa. Kadiri mtu anavyokaribia mwisho wa safari, ndivyo kila dalili ya kurudi inavyopoteza uzito kwake. Kilomita 300 zimekwisha, zimebaki 30, anayengoja ameshapigiwa simu, mafuta yameshateketea. Tarehe 26 Januari 2020, helikopta iliyombeba mchezaji Kobe Bryant iligonga kilima cha Calabasas, California, katika mawingu ya chini, na watu wote tisa waliokuwemo wakafa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa uamuzi wa rubani kuendelea kuruka kwa macho mahali ambapo macho hayakuwa na kazi, akapotewa na hisia za juu na chini. Rubani huyo alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba mteja wala kampuni ilimsukuma. Shinikizo alijitwika mwenyewe, kwa sababu ya hamu ya kumridhisha abiria aliyemheshimu. Hapo ndipo hoja yangu inapotimia. Abiria mkubwa hahitaji kutamka neno ili amshinikize rubani. Ukubwa wake unatosha. Kwa hiyo kunyamaza hakutoshi. Kabla ya kupanda anapaswa kusema waziwazi, mbele ya watu: ukirudi, sitakulaumu.

Tuilete hesabu hii katika ardhi yetu. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Garissa ni karibu kilomita 330 kwa njia ya anga, hadi Wajir takriban 500, hadi Mandera takriban 800. Garissa iko chini, kiasi cha mita 150 tu juu ya bahari. Wilson iko karibu mita 1,700. Chukueni safari ya asubuhi ya mwezi Julai kutoka hapa kwenda Nairobi. Garissa kumekucha kweupe, na abiria wakitazama juu hawaoni sababu ya kungoja. Nairobi, katika miezi ya Juni hadi Agosti, asubuhi hufunikwa na utando wa mawingu ya chini ambao mara nyingi haufunguki hadi saa nne au saa tano. Ndege inaposonga magharibi, wingu linabaki kimo kile kile huku ardhi ikipanda zaidi ya mita 1,500 chini ya tumbo lake. Nafasi kati ya wingu na ardhi inapungua kidogo kidogo, pasipo tukio hata moja la kumshtua rubani. Mbele kuna vilima vya Ukambani, na Ol Donyo Sabuk yenye mita 2,145 kando ya Thika. Hakuna dakika inayotangaza kuwa sasa mambo yameharibika. Ndiyo maana mpaka usipowekwa mapema, hautaonekana ukivukwa.

Upepo nao una fungu lake. Katika miezi hiyo hiyo upepo mkali wa kusi hupita juu ya mashariki ya Kenya ukielekea Somalia na Bara Arabu, na huwa na nguvu zaidi kwenye kimo cha kilomita moja hadi moja na nusu, yaani katika kimo kile kile kinachotumiwa sana na ndege ndogo. Anayetoka Mandera kwenda Nairobi anakutana nao usoni. Safari inarefuka, mafuta yanapungua kuliko ilivyoandikwa, naye anafika penye wingu la Nairobi akiwa na akiba ndogo kuliko alivyodhani. Viwanja vya kukimbilia navyo si vingi: Garissa, Wajir yenye njia ndefu iliyojengwa kwa ajili ya jeshi, Dadaab, na vichache vingine, na mafuta hayapatikani katika kila kiwanja. Mfugaji anayevuka nyika kuelekea kisima asichokuwa na hakika nacho huamua kurudi maji yakiwa nusu, kwa kuwa yakiisha hakuna tena la kuamua. Na rubani vivyo hivyo: uhuru wake wa kurudi umo ndani ya tangi, na kila dakika ya kusitasita huupunguza.

Uamuzi wa mapema, basi, unafananaje? Unafanana na karatasi moja yenye mistari michache. Kwa safari ile ya Garissa hadi Wilson, rubani anaweza kuandika hivi: nisipoona kilomita 8 mbele yangu, ninageuza; ili nikae futi 1,000 chini ya wingu, nikilazimika kushuka chini ya futi 1,000 juu ya ardhi, ninageuza; nikifika Mwingi, ambayo iko mbele kidogo ya nusu ya njia, kama Nairobi haijaniambia kwamba Wilson kumefunguka, ninageuza, nikiwa bado na mafuta ya kurudi Garissa na ya nusu saa zaidi. Tarakimu hizo si sheria. Ni mfano wa mipaka ambayo mtu hujiwekea juu ya ile ya kisheria, kulingana na ndege yake na uzoefu wake. Cha msingi ni mambo matatu: ziwe tarakimu, kwa maana maneno kama "hali ikizidi" hayana mwisho, zifungamane na mahali au saa, na abiria wasomewe kabla mlango haujafungwa. Rubani akisema akiwa Mwingi kwamba anarudi, asiwe anatangaza habari mpya. Awe anatekeleza mapatano.

Nazijua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na zinastahili majibu ya heshima. Ya kwanza ni ya mgonjwa. Mtasema: mama anavuja damu, na wewe unatuzungumzia kilomita 8? Hoja hii ina uzito kuliko zote, na waliotangulia waliikabili. Tangu mwaka 1957, Michael Wood na wenzake walipoanzisha huduma ya madaktari wa angani iliyokuja kuwa shirika la AMREF, ndege zimewafikia wagonjwa wa eneo hili ambao barabara isingewafikisha. Lakini ndege inayoingia kwenye wingu haijui imembeba nani. Uchungu wa mgonjwa hauongezi mita moja kwenye mwonekano. Katika huduma za helikopta za wagonjwa nchini Marekani, ambako ajali zilikuwa zimezidi, imekuwa desturi inayopendekezwa kwamba rubani aulizwe kwanza kama hali ya hewa inaruhusu, kabla hajaambiwa mgonjwa ni mtoto au mzee, yuko mahututi au la. Si ukatili huo. Ni kumwondolea mzigo usiopaswa kuwa wake. Na mgonjwa aliyerudishwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa angali na daktari, angali na kitanda, na angali na nafasi ya saa nne utando ukifunguka. Aliyegonga mlima hana, wala muuguzi wake hana. Dawa ya kweli ya hoja hii ni kuimarisha chumba cha upasuaji na benki ya damu hapa, ili ndege iwe njia mojawapo na isiwe ndiyo pekee.

Ya pili ni hoja ya usalama barabarani. Watu wa Mandera hawajasahau tarehe 22 Novemba 2014, basi liliposimamishwa na abiria 28 wakauawa. Baada ya hapo walimu na wafanyakazi wengi waliona ndege ndiyo njia pekee ya kwenda na kurudi, na anayewaambia wasipande anawaambia wabaki. Nakubali. Ila tutenganishe mambo mawili. Kuchagua ndege badala ya basi ni uamuzi mmoja. Kuilazimisha ndege ipenye ukungu ni uamuzi mwingine. Ndege ikigeuza haikushushi barabarani. Inakurudisha uwanjani ulikotoka, kwa watu wako, ukangoje saa au siku nyingine.

Ya tatu ni ya mitambo na uzoefu. Vijana husema siku hizi kuna ramani za setilaiti kwenye simu, kuna vifaa vinavyoonya mlima ukikaribia. Wazee husema rubani fulani anaijua njia hii hata usingizini. Mitambo ni neema, na rubani aliyefunzwa kuruka kwa vipima, katika ndege iliyoruhusiwa, kuelekea uwanja wenye mitambo ya kuongoza ndege kutua kama ule wa Jomo Kenyatta, yuko katika safari ya aina nyingine kabisa. Yeye hakuahidi kuona. Hatari iko kwa aliyeondoka akiahidi kuona, kisha akaitegemea mitambo pale ahadi ilipovunjika, bila mpango, bila ruhusa, bila kimo cha usalama. Tena vifaa na marubani wawili si hirizi. Tarehe 5 Juni 2018 ndege aina ya Caravan iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi, yenye marubani wawili na abiria wanane, iligonga Milima ya Aberdare katika mawingu, na iliwachukua watafutaji hadi tarehe 7 kuifikia. Wote kumi walikuwa wamekufa. Uzoefu nao una sumu yake: kila mara mtu anapopenya wingu akafika salama hufunzwa kwamba linapenyeka. Anahesabu kuwa ujuzi kile ambacho huenda kilikuwa bahati, na hakuna anayemwambia tofauti.

Hapo inazaliwa hoja ya nne, ambayo ndiyo kali kimantiki. Mtu atasema: ukiweka mipaka ya mapema utarudi mara nyingi bila haja, maana wingu lingeweza kufunguka dakika kumi mbele. Ni kweli. Baadhi ya safari zitakazorudi zingefika. Sikatai gharama hiyo, nasema tuilipe kwa hiari. Hakuna awezaye kujua, akiwa Mwingi, kama safari hii ni miongoni mwa zile ambazo zingefika au miongoni mwa zile ambazo zingeishia mlimani. Kwa macho ya rubani zinafanana. Gharama ya kurudi bure inahesabika: saa chache, mafuta, kikao kilichoahirishwa. Gharama ya kutorudi haina hesabu. Kungoja angani pia kuwe na mpaka. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Bukoba, Tanzania, ilizunguka ikisubiri dhoruba itulie, kisha ikaanguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikitaka kutua. Kati ya watu 43, walikufa 19. Ile ilikuwa ndege ya shirika, yenye taratibu zake, na mazingira ya kila ajali ni yake. Hata hivyo, kwa mwenye ndege ndogo funzo liko wazi: idadi ya dakika za kuzunguka na idadi ya majaribio ya kutua nayo iandikwe kabla ya kupaa, na uwanja mbadala utajwe kwa jina.

Ya mwisho ni ya imani, na naileta kwa adabu yote. Wapo wanaosema ajali ni qadari, na kwamba aliyeandikiwa kufika atafika. Wapo pia wanaosema kuchelewa kwenye maziko ya mzazi ni fedheha isiyofutika. Lakini tazameni dini yetu inavyoshughulika na hali ya hewa. Siku ya mvua kubwa na matope, mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yanamruhusu muadhini kuwatangazia watu wasali majumbani mwao. Sala ya jamaa, yenye fadhila zote hizo, inasogezwa kwa sababu ya matope. Msafiri anafupishiwa sala. Na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu hapa, yanaruhusu kumsalia maiti aliye mbali. Dini iliyotuwekea ruhusa hizi haimtaki mtoto aufuate mwili wa baba yake kwa kuupita ukungu asioweza kuuona mwisho wake. Kuamini qadari ni kukubali lililokwisha kutokea. Hakumwondolei mtu wajibu wa kulinda nafsi alizokabidhiwa, na abiria ni amana mikononi mwa rubani.

Sasa naomba mambo manne yatekelezwe, kila mtu mahali pake. Kwanza, anayekodi ndege aandike kwenye mkataba kwamba rubani akirudi kwa sababu ya hali ya hewa atalipwa safari nzima, ili kugeuza kusimtie hasara. Pili, wakubwa wetu, wabunge, magavana, mashekhe na wafanyabiashara, waseme kabla ya kupanda kwamba uamuzi wa rubani ndio wa mwisho. Kanuni za anga zinasema hivyo tayari. Wao wauondoe ugumu wa kuitekeleza kanuni. Tatu, wanaoandaa mikutano ya amani, harusi na kampeni waache kupanga shughuli nzima juu ya ndege moja inayotakiwa kufika saa moja. Siku ya Marsabit inatosha kutufunza uzito wa kupakia uongozi wa eneo zima ndani ya chombo kimoja. Nne, taarifa za vituo vya hali ya hewa vya Garissa, Wajir na Mandera ziulizwe na kila anayesafiri, abiria kwa rubani, kama tunavyouliza bei kabla ya kununua.

Na kwenu mnaobaki chini mkingoja, nina neno moja la kuondoka nalo. Siku ndege itakapowarudia Garissa bila kufika ilikokwenda, msimuulize rubani aliogopa nini. Mlipeni haki yake, mumshukuru mbele ya watu, na mpangeni naye safari ya kesho.